Tutazame Hatari Kwanza, Hati Baadaye

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu niseme machache juu ya jambo ambalo wanachama wengi wanalizungumza siku hizi, nalo ni kuchagua masomo ya kuendelea nayo kwa mtu anayetaka kufanya kazi ya usalama na afya mahali pa kazi. Vijana wetu wameona ya kuwa kazi hiyo ina heshima, na tena inahitajiwa migodini, viwandani, bandarini, mahospitalini na hata maofisini. Basi wanaulizana, "Hati ipi ndiyo bora?" Mmoja amesikia habari za NEBOSH, wa pili habari za IOSH, wa tatu habari za ISO, na wa nne amepelekewa tangazo la chuo asichokijua, kinachomwahidi diploma kwa muda wa wiki moja. Kila mmoja yu tayari kukopa, na wengine wamekwisha kukopa.

Shauri langu ni kwamba swali hilo si baya, ila limetangulizwa mahali pasipo pake. Swali la kwanza lingekuwa hili: ni hatari zipi nitakazokabidhiwa kuzizuia, na nimepungukiwa na maarifa gani ya kuzitambua? Mtu akiisha kulijibu hilo, hati itajichagua yenyewe. Asipolijibu, atanunua hati kama mtu anunuaye viatu kwa kutazama rangi, pasipo kupima mguu.

Wengi wadhani kazi hii ni kuvaa kofia ngumu na kizibao cha rangi ya kung'aa, na kuwakaripia wasiovaa. Hiyo ni sehemu ndogo mno. Kwa makisio ambayo Shirika la Kazi Duniani liliyatoa mwaka 2023, watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi zao. Katika hao, kama milioni 2.6 hufa kwa maradhi yatokanayo na kazi, na kama 330,000 hufa kwa ajali. Yaani katika kila watu 9, maradhi huua 8 na ajali humwua 1. Lakini ajali hupiga kelele, damu huonekana, na watu hukusanyika. Maradhi huja polepole kwa miaka kumi au ishirini, hata mtu akafia nyumbani kwake kijijini, na hapana mtu aliyekumbuka kuuliza alikuwa akifanya kazi gani.

Kuuliza huko si jambo jipya. Tabibu mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanya kazi mwaka 1700, akawahimiza matabibu wenzake waongeze swali moja katika yale waliyozoea kumwuliza mgonjwa: "Kazi yako ni nini?" Na katika toleo la mwaka 1713 aliandika habari zetu sisi makarani. Alisema ya kuwa waandishi huumia kwa sababu ya kukaa daima, kwa mkono kurudia mwendo ule ule mmoja, na kwa akili kukazwa isije ikakosea. Atakaye kujua kama maneno hayo yamepitwa na wakati na awaulize wapiga chapa wetu juu ya mabega yao na viganja vyao saa kumi jioni.

Basi kazi hii ina maarifa ya namna tatu, nayo ni maarifa ya sheria, maarifa ya kupima, na maarifa ya kusema na watu, wakubwa kwa wadogo. Hati zote zinazotangazwa hutoa sehemu tu ya mambo hayo matatu, na hapana hata moja inayoyatoa yote. Tuyatazame moja moja.

Kwanza ni sheria. Katika Tanganyika sheria ya viwanda ilitungwa mwaka 1950, nayo ilishughulika na viwanda. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 iliifuta ile, ikapanua mambo hata kufika mahali pengine pa kazi, wala si viwanda peke yake. Yamo humo wajibu wa mwajiri, wawakilishi wa wafanya kazi katika mambo ya usalama, kamati zao, na kupimwa afya kwa wafanya kazi kabla ya kuanza kazi na baada ya hapo mara kwa mara. Wenye kuisimamia ni Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao sote twauita OSHA, ulioanzishwa mwaka 2001. Zanzibar inayo sheria yake ya mwaka 2005, Uganda ya mwaka 2006, na Kenya ya mwaka 2007, ambayo yamtaka mwenye wafanya kazi 20 au zaidi awe na kamati ya usalama na afya. Kadhalika, habari za kulipwa mtu aliyeumia kwa upande wa Tanzania Bara zimo katika sheria ya fidia ya mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kazi yake mwaka 2015.

Nimeyataja haya kwa makusudi, kwa maana mtu aweza kushinda mtihani wa kimataifa kwa sifa, na asijue hata moja katika hayo. Si kosa la mtihani. Mtihani wa kimataifa hutungwa ili umfae mtu wa Lagos na mtu wa Muscat sawasawa, kwa hiyo hufundisha kanuni za jumla zifuatazo mapatano ya Shirika la Kazi Duniani. Lakini siku mwajiri atakapokuuliza, "Imeandikwa wapi ya kwamba yanipasa kufanya hivyo?" huwezi kumjibu kwa kanuni za jumla. Utamjibu kwa sheria ya nchi, au utanyamaza. Ndiyo sababu nasema ya kwamba somo la kwanza ni lile la hapa kwetu. OSHA wenyewe hufundisha masomo ya usalama na afya, ya huduma ya kwanza, na ya kukadiria hatari. Masomo hayo si marefu, wala hayamlazimu mtu kuacha kazi yake.

Pili ni maarifa ya kupima, na hapo ndipo tulipo dhaifu kupita pote. Vumbi la mawe yenye silika laweza kuwa mfano. Kibarua huona vumbi zito likitua chini, akadhani hewa imetakasika. Kumbe chembe zile zinazofika ndani kabisa ya mapafu ni ndogo hata jicho haliwezi kuziona, nazo hubaki hewani muda mrefu. Ugonjwa wake, uitwao silikosi, hauna dawa ya kuuponya, na tena humweka mtu karibu zaidi na kifua kikuu. Ama kelele, kipimo kifuatwacho na nchi nyingi ni desibeli 85 kwa kazi ya saa 8. Na desibeli hazihesabiki kama shilingi: zikiongezeka 3 tu, nguvu ya sauti imekuwa maradufu, kwa hiyo muda wa mtu kukaa humo wapasa kupunguzwa nusu. Asiyejua hayo ataona tofauti ya 85 na 91 kuwa ndogo, na kumbe muda umeshuka kutoka saa 8 hata saa 2.

Mambo hayo hayajulikani kwa macho wala kwa kubahatisha. Wataalamu wa Muhimbili pamoja na wenzao wa chuo kikuu cha Bergen nchini Norway wamepima vumbi katika mgodi wa makaa wa Kiwira, katika viwanda vya kahawa, na katika viwanda vya katani, wakachunguza vifua vya watu wafanyao kazi humo. Hiyo ndiyo elimu ninayoisema. Hupatikana kwa shahada, si kwa somo la siku tano. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha afya ya mazingira na afya ya kazini. Na upande wa Kenya, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta hufundisha shahada ya pili ya usalama na afya kazini. Mwanachama aliyesoma sayansi, naye ana umri wa miaka ishirini na kitu, na afikiri sana kabla ya kutumia fedha yake yote katika hati ndogo ndogo nne, maana jumla yake huenda ikawa sehemu kubwa ya ada ya njia hiyo ndefu.

Sasa nije kwenye hati za ng'ambo, nisije nikaambiwa kwamba nazidharau. Sizidharau hata kidogo, nataka kila moja ijulikane kazi yake. NEBOSH ni baraza la mitihani la Uingereza lililoanzishwa mwaka 1979. Hati yake ya kimataifa ni ya mwanzo, nayo humpa mtu msingi mwema wa kukadiria hatari na kuandika taarifa. Diploma yake ni kubwa zaidi, na humfaa mtu aliyekwisha kuishika kazi yenyewe. IOSH ni chama cha wataalamu kilichoanza mwaka 1945. Somo lake liitwalo Managing Safely ni la siku chache, tena limekusudiwa wasimamizi na wakubwa wa idara, halimfanyi mtu kuwa mtaalamu. ISO 45001 ni utaratibu wa kuendesha mambo ya usalama katika shirika, uliotolewa mwaka 2018. Mwenye hati ya kuukagua hukagua kama utaratibu wafuatwa, na daftari zake zi sawa. Hakufundishwa kupima hewa wala kuichunguza mashine.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa, "Ndugu, hayo ni maneno ya kitabuni. Makampuni ya kigeni ya migodi, ya mafuta na ya ujenzi huuliza NEBOSH, na huko Ghuba pia huuliza NEBOSH. Asiyekuwa nayo barua yake haisomwi." Hayo ni kweli, wala siwezi kuyakana. Mtu aliyekusudia kwenda kutafuta kazi katika makampuni hayo na asome NEBOSH, nami namtakia heri. Lakini hata huko hati hufungua mlango tu. Ukiisha kuingia utaulizwa shimo hili litachimbwaje lisimfukie mtu, na tangi hili litaingiwaje mtu asikose hewa. Na kwa sisi tulio wengi, ambao tutabaki katika idara za serikali, halmashauri na mahospitali, mlango huo si huo.

Nisemayo yataonekana wazi zaidi kwa mifano. Karani wa hospitali, ambaye wenzake huchomwa na sindano zilizotumika na hubeba takataka zenye uchafu wa magonjwa, hatari zake ni za vijidudu na dawa. Kwake yeye elimu ya afya ya mazingira ni bora kuliko hati ya ujenzi. Karani wa idara ya barabara, ambaye vibarua wake hupasua kokoto na kumwaga lami, ahitaji maarifa ya vumbi, joto, moshi na magari yarudiyo nyuma. Huyu na aanze na somo la OSHA, kisha hati ya kimataifa yaweza kumfaa. Karani wa bandari ana habari za mizigo ining'iniayo na vitu viwakavyo upesi, kwa hiyo na atafute mafunzo ya vyombo vya kuinulia mizigo na ya kemikali. Watu watatu hawa wakienda wote kununua hati moja kwa sababu rafiki yao ameinunua, wawili hakika wamepoteza fedha.

Tatu ni maarifa ya kusema na watu, na hayo hayapatikani katika mtihani wo wote. Tarehe 24 Aprili, 2013, jengo la Rana Plaza karibu na mji wa Dhaka nchini Bangladesh lilianguka, wakafa watu 1,134, wengi wao wanawake washonaji. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku iliyotangulia. Mhandisi alikuwa amekwisha kusema ya kuwa jengo halifai. Benki iliyokuwamo humo iliwaondoa watu wake, wakapona. Washonaji waliamriwa warudi kazini, nao walirudi kwa kuuchelea mshahara wao. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walidhani atabaki mtu wa kuujenga.

Hapo hapakukosekana macho, wala hapakukosekana elimu. Alikosekana mtu ambaye neno lake lasimamisha kazi. Ndiyo maana namshauri mwenzangu anayechagua masomo atazame pia ni nani atakayemfundisha kwa mikono, na ni mahali gani atakapopata miaka miwili au mitatu ya kutembea nyuma ya mkaguzi mzoefu, amwone jinsi asemavyo na meneja bila kiburi na bila woga. Mafunzo yasiyokuwa na mazoezi hayo ni kama kujifunza kuogelea juu ya mkeka. Nimepata kuona jengo moja, silitaji, ambamo ofisi ya usalama ilipambwa ukutani kwa hati sita zilizotiwa vioo, na hatua ishirini kutoka hapo mlango wa kutokea wakati wa moto ulifungwa kwa mnyororo na kufuli, ufunguo ukiwa kwa mlinzi wa usiku. Hati zilikuwa za kweli, na kufuli nalo lilikuwa la kweli.

Na hapa nataka kusema neno la kuwatia moyo makarani wenzangu, ambao hudhani kwamba kazi hii ni ya mainjinia na madaktari tu. Karani analo jambo ambalo injinia hana. Daftari la ajali li mezani pake. Karatasi za ruhusa za ugonjwa hupita mkononi mwake. Madai ya fidia huandikwa naye. Injinia aona mashine moja, daktari aona mgonjwa mmoja, lakini karani aona ya kwamba watu watatu wa banda moja wameomba ruhusa kwa sababu ya kifua katika mwaka mmoja, na ya kwamba kila aliyevunjika kidole alikuwa kwenye zamu ya usiku. Kazi nzima ya kuzuia huanzia katika kuona mfano wa namna hiyo. Basi mwenye kutaka kuingia katika kazi hii asingoje hati. Na aanze leo kuliandika daftari lake vizuri, kwa tarehe, saa, mahali, na sababu iliyo kweli, si neno "uzembe" linaloandikwa kila mara kumaliza mambo. Miezi sita ya daftari jema itamwonyesha ni maarifa gani anayoyahitaji, tena itamfaa siku atakapohojiwa na wakuu wa chuo.

Yako na maonyo mawili. La kwanza ni juu ya vyuo vya uongo. Kabla ya kulipa hata senti moja, na tuulize: shahada hii yatambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu? Diploma hii yatambuliwa na baraza la taifa lisimamialo elimu ya ufundi? Kama ni hati ya NEBOSH au IOSH, je, mwalimu huyu yumo katika orodha yao wenyewe ya watu walioruhusiwa kufundisha? Kuuliza si ujinga, na jibu hupatikana bure. La pili ni juu ya mikopo. Mtu asiweke rehani kiwanja cha watoto kwa ajili ya hati ambayo hajui ataitumia wapi.

Mwisho natoa pendekezo kwa Halmashauri ya chama chetu. Kila mwanachama aombapo msaada wa masomo haya, asiulizwe kwanza jina la hati. Na aandike ukurasa mmoja tu: hatari zilizopo mahali pake pa kazi, watu walioumizwa au kuugua kwa ajili ya hatari hizo, na maarifa anayoyakosa ya kuzizuia. Wenye kuanza wasaidiwe kusoma sheria na somo la hapa nchini. Waliokwisha kufanya hivyo, nao wameonyesha kazi, wasaidiwe kuendelea na shahada au hati ya ng'ambo kwa kadiri ya hatari walizoziandika. Kwa njia hii fedha za chama zitazaa, na ukurasa huo mmoja utakuwa na faida hata kwa yule aliyenyimwa, maana atakuwa ameitazama ofisi yake kwa macho mapya.

Mwezi Juni mwaka 1998 mkutano wa kazi wa mataifa huko Geneva ulizitaja haki za msingi za mfanya kazi, na mwezi Juni mwaka 2022 mkutano huo uliiongeza haki ya kufanya kazi mahali palipo salama na penye afya. Haki hiyo imekwisha kuandikwa, na waandishi ndio sisi. Imebaki kupata watu waijuao vya kutosha hata wakaweza kuisimamia mbele ya mlango uliofungwa kwa mnyororo na kusema, "Fungua."

Wasalaam,
Mwanachama mwenzenu,
Karani